Maisha ya Isaac Merritt Singer, Mwenye Jina la Cherehani Yetu

Ndugu zangu wapenzi, mliojaaliwa kufika na mliozuiliwa na masafa au afya,

Ni desturi ya kijitabu chetu kwamba katika kila mkutano mmoja wetu hutakiwa aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia, ili watoto waliozaliwa ughaibuni wapate cha kusoma kwa Kiswahili, nasi wakubwa tupate cha kuzungumza baada ya chakula. Safari hii zamu imeniangukia mimi. Kamati iliponiuliza nitamwandika nani, sikuhitaji kufikiri sana. Nimemchagua mtu ambaye jina lake wengi wetu tulilizoea kwa macho kabla hatujajua kusoma, kwa kuwa liliandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye mkono wa cherehani ya Bibi.

Nakaa Scotland tangu 1974. Treni ninayopanda kwenda Glasgow husimama kwenye kituo kimoja cha mji wa Clydebank kiitwacho Singer. Kiwanda kilichokipa kituo jina hilo kilifungwa mwaka 1980, na kijana anayeshuka hapo leo huenda hajui jina hilo lilitoka wapi. Mimi kila nikipita humwona Bibi ameinamia kitambaa barazani Unguja, nami nimekaa sakafuni namjazia uzi kwenye bobini. Basi nimeona niwaeleze huyo Singer alikuwa nani, kwa sababu maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi chombo kilichokuwa cha matajiri kilivyofika barazani kwa mjane wa Unguja. La pili ni juu ya watu wa nyumba yake mwenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

UTOTO NA UJANA

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1811 huko Pittstown, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake, Adam, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani na fundi wa vinu. Jina la asili la ukoo lilikuwa Reisinger, likafupizwa katika nchi mpya, kama yalivyofupizwa majina mengi ya wahamiaji, yakiwemo ya baadhi yetu. Isaac alikuwa wa mwisho katika watoto wanane. Wazazi wake walitengana mwaka 1821, na muda si mrefu baadaye mtoto huyo akaondoka nyumbani, akaenda kujitafutia maisha Oswego, kando ya Ziwa Ontario.

Shule alisoma kidogo sana. Alipofika umri wa miaka 19 aliwekwa kwa fundi mitambo ajifunze kazi, lakini hakukaa ila miezi michache. Moyo wake haukuwa kwenye chuma bali kwenye jukwaa. Alikuwa mrefu kupita watu wa kawaida, ana sauti nene na sura ya kutazamika, akajiunga na waigizaji wa michezo ya kuigiza wanaotembea mji hadi mji. Kwa karibu miaka 20 maisha yake yalikuwa hivyo: fedha zikiisha hurudi kwenye ufundi, akipata kidogo huuacha ufundi akarudi jukwaani.

Mwaka 1839, alipokuwa akifanya kazi kwenye uchimbaji wa mfereji katika jimbo la Illinois, alibuni mashine ya kutoboa miamba, akaiuza haki yake kwa dola 2,000. Kwa mtu mwingine fedha hizo zingekuwa mtaji wa maisha. Yeye alizitumia kuunda kundi lake mwenyewe la waigizaji, wakazunguka miaka kama mitano hadi fedha zikamalizika. Akarudi tena kwenye ufundi, safari hii wa kuchonga herufi za mbao kwa ajili ya mitambo ya kuchapia. Tarehe 10 Aprili 1849 alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa mashine yake ya kuchonga.

Aliipeleka mashine hiyo mjini New York kutafuta wateja. Tarehe 4 Februari 1850 tangi la mvuke la karakana moja katika mtaa wa Hague lililipuka. Watu zaidi ya 60 walikufa na jengo likaanguka. Mashine ya Singer ilikuwa ndani, ikateketea. Alikuwa na umri wa miaka 38, ana watoto wengi wa kulisha, na mkononi hana kitu.

SIKU KUMI NA MOJA ZA BOSTON

Mtu mmoja aitwaye George Zieber alimwonea imani, akamkopesha fedha za kuunda mashine nyingine ya kuchonga, na wote wawili wakahamia Boston kwenye karakana ya Orson Phelps. Phelps alikuwa akiunda na kutengeneza cherehani za aina iliyokuwako wakati huo, nazo zilikuwa mbovu. Hazikukaa siku nyingi bila kurudishwa. Wateja wa mashine ya kuchonga hawakupatikana. Phelps akamwomba Singer aziangalie zile cherehani. Mwanzoni Singer aliidharau kazi hiyo, akaiona ndogo kwa mtu kama yeye. Lakini njaa haina dharau.

Hapa sina budi kueleza kidogo jinsi cherehani inavyoshona, ili wajukuu zetu wasiowahi kuitumia wafahamu. Sindano ya mkono ina tundu nyuma, na uzi mmoja hupita wote kwenye kitambaa. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Inaposhuka hupeleka uzi wa juu chini ya kitambaa, na inapoanza kupanda uzi huo huacha kitanzi kidogo. Ndani ya kitanzi hicho hupita chombo kilichobeba uzi wa pili, na nyuzi mbili zikafungana katikati ya kitambaa. Chombo hicho katika mashine za mwanzo kilikuwa na umbo la dau.

Katika cherehani zile za Phelps, chombo hicho kilizunguka kwenye duara, na uzi ukasokoteka na kukatika. Singer akaona ni bora kiende mbele na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Akaisimamisha sindano wima, ipande na kushuka. Akaweka meza bapa ya kulaza kitambaa, akaweka kiguu cha kukibana kisiinuke pamoja na sindano, na gurudumu la kukisukuma ili mshonaji aweze kukigeuza apendavyo. Baadaye yakaja makanyagio ya miguu, mikono yote miwili ikabaki huru. Sasa itazameni cherehani ya Bibi: karibu mambo yote hayo yamo.

Kazi hiyo, kama alivyoisimulia mwenyewe, ilichukua siku 11 na gharama yake ilikuwa dola 40. Husimuliwa kwamba usiku wa kuijaribu mishono ilitoka imelegea, mafundi wakakata tamaa wakaenda zao. Yeye na Zieber walipokuwa njiani kurudi walikolala, wakaketi juu ya rundo la mbao. Zieber akataja vile vitanzi vilivyolegea, na Singer akakumbuka kwamba alisahau kuukaza uzi wa sindano. Wakarudi usiku huohuo, wakaukaza, na mashine ikashona. Hataza yake ilitolewa tarehe 12 Agosti 1851.

KESI NA MAPATANO

Ndugu zangu, isidhaniwe kwamba Singer ndiye aliyevumbua cherehani. Nililidhani hilo miaka mingi, na nadhani wengi wenu bado mnalidhani. Walter Hunt wa New York, yuleyule aliyebuni pini ya kujifunga ambayo mama zetu waliitumia kwenye nepi zetu, alikuwa ameunda mashine ya mshono wa nyuzi mbili kati ya 1833 na 1834, lakini hakuichukulia hataza. Husemekana kwamba binti yake alichelea mashine hiyo ingewanyang'anya riziki wanawake wanaoshona kwa mkono. Kisha Elias Howe, fundi maskini wa Massachusetts, akaunda yake na kupewa hataza tarehe 10 Septemba 1846. Hakupata wanunuzi, akaenda Uingereza akitafuta bahati, akarudi 1849 fukara na mkewe mgonjwa wa kufa, akakuta watu wanauza cherehani zenye mambo yaliyomo katika hataza yake.

Howe akamshitaki Singer. Wakili wa Singer alikuwa Edward Clark, mtu mpole wa sura lakini hodari wa hesabu, ambaye kwa kuwa mteja wake hakuwa na fedha za kumlipa alikubali sehemu ya biashara badala ya ujira. Clark akamtafuta mzee Hunt na mashine yake ya zamani ili ithibitike kuwa Howe hakuwa wa kwanza. Haikufaa, kwa kuwa Hunt alikwisha kuiacha haki yake. Mwaka 1854 Singer alishindwa, akamlipa Howe dola 15,000 na kukubali kumlipa ada kwa kila mashine.

Wenye viwanda wengine nao walikuwa wakishitakiana, kila mmoja ameshika kipande cha uvumbuzi ambacho mwenzake hawezi kuunda mashine nzuri bila hicho. Mwaka 1856 walikutana Albany wakaafikiana kuziweka hataza zao pamoja: Singer, Howe, na kampuni mbili nyingine, Wheeler and Wilson na Grover and Baker. Kila mwenye kiwanda angelipa ada kwa kila mashine, na Howe peke yake alipata dola 5 kwa kila iliyouzwa Marekani. Umoja huo ulidumu hadi 1877, na Howe aliyerudi fukara akafa tajiri.

Si wote waliotendewa haki. Phelps alinunuliwa sehemu yake mapema, akatolewa. Zieber, aliyetoa fedha wakati hapana mwingine wa kutoa, aliugua. Singer akamwendea kitandani, akamfahamisha kwamba daktari haoni kama atapona, na mgonjwa akaiuza sehemu yake kwa dola 6,000. Kisha akapona. Sehemu ile baadaye ilikuwa na thamani ya mamilioni.

KUTOKA MAMIA HADI MILIONI

Mwaka 1853 kampuni iliuza cherehani 810 tu. Bei ilikuwa zaidi ya dola 100, na familia ya kawaida ya Marekani ilipata kiasi cha dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angeinunua? Matajiri walikuwa na washonaji wao, na waliohitaji hawakuwa na uwezo. Watu walishuku pia kama mwanamke anaweza kuendesha mashine, na Singer alilijibu hilo kwa namna ya mwigizaji: aliweka wasichana kwenye madirisha ya duka lake la New York, wakashona mbele ya wapita njia.

Jibu la bei lilitoka kwa Clark. Mwaka 1856 alianzisha mpango wa mteja kulipa dola 5 za mwanzo, akaichukua mashine nyumbani, na kumalizia kidogo kidogo kila mwezi. Cherehani ingejilipia yenyewe kwa kazi yake. Mauzo yalikuwa 883 mwaka 1855. Mwaka 1856 yakawa 2,564. Mwaka 1860 kampuni iliunda 13,000.

Kuziunda kwa wingi nako kulikuwa na kisa chake. Kwa miaka mingi vipande vya cherehani za Singer havikulingana sawasawa. Fundi aliketi na tupa, akakisugua kila kipande hadi kikubaliane na mwenzake, na kipande cha mashine moja hakikuweza kuingia katika nyingine bila kusuguliwa upya. Washindani wao Wheeler and Wilson walikwisha kuchukua ustadi wa viwanda vya bunduki vya Marekani, ambako kila kipande kilikatwa na mashine kwa kipimo kimoja. Kampuni ya Singer iliingia katika njia hiyo polepole, hasa baada ya kufungua kiwanda kikubwa cha Elizabethport, New Jersey, mwaka 1873. Mwaka 1870 waliuza mashine zaidi ya 127,000. Kufikia 1880 zilikuwa kama nusu milioni kwa mwaka. Ni kulingana huko kwa vipande kulikomwezesha fundi wa Darajani kuagiza kipuri kutoka ng'ambo na kukiona kinaingia mahali pake.

Huku Scotland walifungua karakana Glasgow mwaka 1867, kisha kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, kilichoanza kazi katika miaka ya 1880. Kufikia 1913 kiwanda hicho kilitoa mashine zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Wingi huo ulikuwa na bei yake. Machi 1911 wanawake 12 waliokuwa wakipaka rangi makabati ya cherehani walipoongezewa kazi bila kuongezewa ujira waligoma, na wafanyakazi kama 11,000 wakatoka pamoja nao. Mgomo ulivunjika baada ya wiki tatu, na watu wapatao 400 walifukuzwa kazi.

Cherehani yetu imepigwa alama 15K. Hiyo K ni Kilbowie. Imetoka mwendo wa nusu saa kutoka hapa ninapoandika, nami sikulijua hilo hadi nilipokuwa mzee. Na neno letu cherehani halikutoka Marekani wala Scotland. Asili yake ni neno la Kiajemi la gurudumu, likatufikia kwa njia ya bahari, kama yalivyotufikia mengi.

NYUMBA ZAKE

Sasa nije kwenye lile jambo la pili. Singer alimwoa Catherine Haley mwaka 1830, akazaa naye watoto wawili, kisha akamwacha bila talaka. Tangu 1836 alikuwa na Mary Ann Sponsler, aliyezunguka naye jukwaani katika miaka ya dhiki na kumzalia watoto kumi, akijulikana kama Bibi Singer ingawa ndoa haikuwapo. Alipotajirika alikuwa na nyumba nyingine New York kwa Mary McGonigal, aliyemzalia watoto watano wakiitwa Mathews, na nyingine kwa Mary Walters, mwenye binti mmoja aliyeitwa kwa jina la Merritt. Watoto wa baba mmoja walikulia mji mmoja kwa majina matatu, nyumba hii haijui ile.

Mwaka 1860 Mary Ann alimwona barabarani akiwa na McGonigal ndani ya gari la farasi. Siri zote zikafunuka. Palizuka ugomvi, akampiga, akashitakiwa, naye akakimbilia Ulaya. Clark, aliyekuwa mtu wa heshima zake, hakutaka tena jina lake liwe ubavuni mwa jina hilo. Mwaka 1863 ushirika wao ukavunjwa na kampuni mpya ikaundwa, kwa sharti kwamba wote wawili wabaki na hisa, wala hapana kati yao atakayekuwa rais wake maadamu mwenzake yu hai. Clark alikuja kuwa rais mwaka 1876, Singer alipokwisha kufa.

Mwaka huohuo wa 1863 Singer alimwoa Isabella Boyer wa Paris, aliyekuwa kijana kuliko yeye kwa miaka 30, wakazaa watoto sita. Waliishi Paris hadi vita vya 1870 vilipowahamishia Uingereza, wakakaa Paignton katika Devon. Huko Singer alianza kujenga jumba kubwa la Oldway. Alifariki tarehe 23 Julai 1875 kabla halijakamilika, akazikwa Torquay.

Aliacha mali ya kiasi cha dola milioni 13. Watoto wake wanahesabiwa 24. Wasia ulikuwa umewagawia wengi wao, hata wa zile nyumba za siri, na kwa hilo tumpe haki yake. Lakini William, mwanawe wa kwanza, ambaye wakati wa talaka ya Catherine alisimama upande wa mama yake, aliachiwa dola 500 tu. Mary Ann alikwenda mahakamani kudai kuwa ndiye mjane wa haki, kwa miaka 24 aliyomtumikia. Mahakama ikamtambua Isabella. Wengi wa watoto hao walijuana kwa mara ya kwanza kupitia makaratasi ya mirathi. Baadhi yao walikuja kupata sifa zao wenyewe, kama Winnaretta, aliyekuwa mfadhili mkubwa wa muziki Paris, akafa 1943. Lakini kitu alichoshindwa kukifanya baba yao kwa mamilioni yake yote kilikuwa kuwaketisha mahali pamoja.

CHEREHANI YA BIBI

Ndugu zangu, katika ajenda ya mkutano wetu lipo shauri la cherehani ya Bibi. Tangu Bibi alipofariki Maskati mwaka 1983 imekuwa kwa shangazi yetu, naye sasa hawezi tena kuitunza. Nimepata simu kutoka Dubai, London na Toronto. Kila tawi lina hoja zake, na baadhi ya maneno yaliyosemwa si ya kurudia hapa.

Wengi wenu mnajua kwamba Babu alifariki 1947, na Bibi akanunua cherehani hiyo mwaka 1949 katika duka moja la mjini Unguja kwa malipo ya kila mwezi, kwa mpango uleule wa Edward Clark. Kwayo aliwalea wazazi wetu, na sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye. Msilolijua ni hili. Mwaka jana shangazi alipokuwa akisafisha mtoto wa meza wa cherehani alikuta risiti zote zimefungwa kwa uzi, 18 kwa idadi. Risiti 14 zina jina la Bibi. Nne za mwisho zina jina la Bibi wa Tanga.

Nilimpigia simu shangazi, mtoto wa pekee wa Bibi aliyebaki, naye akanieleza jambo alilonyamazia tangu utoto wake. Bibi aliugua, akakaa miezi bila kushona, na mwenye duka akaja kuitaka mashine yake. Habari zikafika Tanga. Mke mwenzake, ambaye hawakuwa wakisalimiana Babu alipokuwa hai, alileta fedha za vitumbua alivyokuwa akiuza, mwezi baada ya mwezi, hadi deni likaisha. Alimwambia msafiri aliyezileta asiwaeleze watoto. Bibi naye hakueleza, ila hakuzitupa risiti.

Katika kijitabu chetu cha kwanza mti wa ukoo niliuchora mimi. Nyumba ya Tanga sikuitia. Nilijiambia kwamba sina majina yao kamili, na hilo si kweli. Ningeandika barua moja ningeyapata. Niliacha kwa sababu ndivyo nilivyokuta, nami sikuona kuwa ni dhambi hadi niliposoma juu ya wale watoto wenye majina matatu katika mji mmoja. Nawaomba radhi walio hai na waliokwisha kufa. Safari hii mti ulioko ukurasa wa mwisho una nyumba zote mbili, na wageni wetu sita kutoka Tanga na Dar es Salaam watakuwa nasi ukumbini. Si wageni, ndimi iliyozoea.

Rai yangu kwa mkutano ni hii. Sisi wa Ulaya na Ghuba tunaitaka cherehani ili tuiweke sebuleni. Mjukuu mmoja wa Bibi wa Tanga anashona nguo kwa riziki, na mashine anayotumia ni ya kukodi. Naomba cherehani iende Tanga, na gharama za kuisafirisha nitazitoa mimi. Risiti zichapwe nakala, kila nyumba ipate yake. Ikifika itiwe mafuta, mkanda ubadilishwe, ifanye kazi.

Anayepinga namwomba aseme mbele ya wote siku ya mkutano, si kwa simu. Nami nitamsikiliza.

Ndugu yenu, wa Scotland.